Mbuzi wa Mraba wa Tatu

Likizo ya Juni nyumbani kwa Bibi Sikudhani huanza na kuku. Kabla jua halijafika juu ya mawe ya Kinampanda, huwa nimeshafungua banda na kuwamwagia pumba, na jogoo mkubwa ameshanidonoa kidole cha mguu kama ilivyo desturi yake. Kisha nachota maji ndoo mbili, nafagia uwanja, nakunywa uji wa uwele. Baada ya hapo ndipo naruhusiwa kuwa msomi wa Kidato cha Pili kutoka shule ya bweni.

Bwenini mimi, Emiliana, nina sifa zangu. Ni mimi niliyeziba kwa uzi mikono ya sweta la kiranja wetu siku ya baridi kali. Ni mimi pia niliyemweka chura kwenye ndoo ya mwalimu wa zamu. Walioadhibiwa kwa matukio hayo mawili walikuwa watu wengine, jambo lililonihuzunisha kwa dakika kadhaa.

Mwaka huu Bibi aliniongezea kazi moja: kumpelekea Mjomba Fabiano chakula cha mchana katika Pango la Popo.

Pango hilo liko juu ya kijiji, mwendo wa nusu saa kwa mtu asiyejali kuchomwa na miiba. Zamani tulilijua kama mahali pa kujikinga na mvua ukiwa machungani, basi. Kisha miaka mitatu iliyopita alikuja Daktari Catherine Mughwai, mwalimu wa chuo kikuu, mtaalamu wa mambo ya kale. Alipouliza ni nani anayelijua pango vizuri, kijiji kizima kilimwonyesha Mjomba Fabiano. Siku ile ya kwanza wazee watatu walijipanga nje ya hema lake wakisubiri dawa ya magoti. Daktari aliwaeleza kwa upole kwamba wagonjwa wake wote wamekwisha kufa. Mzee mmoja akasema, "Basi huyu si daktari mzuri," akashika njia ya kurudi kwake.

Nilipoingia pangoni mara ya kwanza nilikuta sakafu imegawanywa kwa kamba nyeupe kuwa miraba, kila mmoja mita moja kwa mita moja. Watu walipiga magoti humo na mwiko wa fundi ujenzi na brashi, wakiuondoa udongo kidogokidogo kama mtu anayekwangua ukoko bila kutaka kutoboa sufuria. Hakuna aliyezungumza kwa sauti. Nilidhani kuna msiba.

"Shikamoo, mjomba. Nimeleta ugali."

"Marahaba, mwanangu. Usikanyage kamba."

Mjomba Fabiano ni mtu mrefu, mkimya, asiye na meno ya mbele ya juu. Fahali alimpiga teke miaka ishirini iliyopita, na tangu hapo hula kwa upande mmoja na kucheka kwa mkono mdomoni. Yeye alichimba mraba wa tatu. Daktari aliniona nikishangaa, akaniweka kwenye chekeche, kazi ya kuchekecha udongo uliokwisha kuchimbwa ili kisipotee hata kipande cha mfupa. Alinipa sheria moja tu.

"Kitu kikitoka kwenye udongo kabla hatujaandika kilikuwa wapi, kimekufa mara ya pili," alisema. "Usiguse mraba wa mtu."

Nilisema nimeelewa. Wanafunzi wa bweni tumefundishwa kusema hivyo.

Jumanne, saa nne asubuhi, mjomba aliinua mkono. Daktari akaenda. Akapiga magoti, akapuliza vumbi, akabaki hivyo hivyo ameinama. Alipotuita, tulikwenda mmoja mmoja kwa kunyata.

Kwenye ukuta wa mraba, katika udongo mwekundu uliokauka, chini kidogo ya mstari mwembamba wa majivu meupe, lilikuwa jino. Dogo, la rangi ya asali.

"Ni la binadamu," Daktari alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko kawaida. "Gego. Limetoka kwenye ufizi si muda mrefu, angalieni, halijalika hata kidogo. Mwenyewe alikuwa na miaka kumi na miwili, kumi na mitatu."

"Lina umri gani, Daktari?" nikauliza.

"Maabara ndiyo itakayosema. Lakini kwa tabaka hili, sishangai wakiniambia miaka elfu hamsini."

Nilijaribu kuifikiria miaka elfu hamsini nikashindwa. Nilianza na Bibi, nikaenda kwa bibi yake Bibi, nikafika mahali ambapo hakuna jina tena, na nilikuwa sijamaliza hata miaka mia mbili. Ulimi wangu ukaenda wenyewe nyuma ya mdomo, ukaligusa gego lililoota mwaka juzi. Lilikuwa na umbo lile lile. Mtu wa umri wangu alikaa hapa, chini ya jiwe hili, akasikia upepo huu huu wa Singida ukipiga mluzi kwenye nyufa. Labda alitumwa kuni akaenda akinuna. Labda naye alikuwa mtundu, na hakuna aliyebaki wa kumsema.

Mjomba aliweka mkono mdomoni. "Nimetafuta jino miaka ishirini," akasema. "Nimepata la mwenzangu."

Tulicheka wote, hata Daktari, na nadhani tulicheka kwa sababu tulikuwa karibu kulia.

Sasa ndipo anapoingia Godfrey. Kaka Godfrey ni mwanafunzi wa chuo kikuu, mwaka wa pili, mwenye kofia pana na maneno mengi. Tangu jino lionekane alikuwa akitembea kama aliyelizaa.

"Dogo," aliniambia mchana ule tukila, "mimi nipe mfupa wowote nikiwa nimefumba macho. Nitakwambia ni wa mnyama gani, wa kike au wa kiume, na alikula nini."

"Wowote, kaka Godfrey?"

"Wowote."

Mtu akiniambia neno kama hilo, mimi huwa sina namna.

Jumapili iliyotangulia jirani yetu alikuwa na sherehe ya kipaimara, na kichwa cha mbuzi kilipikwa supu nyumbani kwetu. Taya lilikuwa bado nyuma ya jiko. Jumanne jioni nilipokuwa nachemsha chai nililitumbukiza kwenye sufuria ya masazo ya chai, nikaongeza majani konzi mbili, nikaliacha humo mpaka asubuhi. Lilitoka na rangi nzuri ya kale. Bibi akauliza nafanya nini. Nikamjibu kwamba ni sayansi.

Jumatano mchana, wakati wote wako nje wanakula, niliingia pangoni na taya chini ya kanga. Nilikuwa nimesikia kwamba kesho yake Godfrey angemsaidia mjomba, aanzie kona ya kulia ya mraba wa tatu, ambayo ilikuwa bado haijachimbwa. Basi kwenye kona hiyo nikachimba kwa kijiko, kina cha mkono wangu mpaka kwenye kiwiko. Nilikuwa natafuna alizeti mpya kutoka shambani, na kila nilipopasua mbegu maganda niliyatemea shimoni. Nikafukia kidogo, nikaweka taya, nikafukia tena, nikasawazisha kwa brashi kwa ustadi ambao laiti ningeutumia kwenye hisabati. Nikarudi nje nikala ugali wangu kwa utulivu wa mtakatifu.

Alhamisi asubuhi Daktari alimtuma Godfrey aende mjini Kiomboi kuleta mifuko ya vielelezo. Mraba wa tatu ukabaki kwa mjomba peke yake. Sikuwa na wasiwasi. Nilijiambia utani ni utani, uangukie kwa yeyote.

Saa tano mjomba akainua mkono.

Daktari alikuja mbio kidogo, kitu asichokifanya kamwe. Akapiga magoti, akapangusa kwa brashi, akalitazama taya kwa muda. Kisha akainama, akalinusa.

"Majani ya chai," akasema.

Mtu mmoja alicheka pangoni. Nilikuwa mimi. Sikupata mwenzangu.

Daktari alikaa chini kwenye udongo, yeye ambaye hututazama vibaya tukikaa chini kwenye udongo. "Huyu ni mbuzi," alisema taratibu. "Amekatwa kwa kisu cha chuma. Enzi za jino lile hapakuwa na kisu cha chuma wala mbuzi wa kufugwa katika nchi hii. Mbuzi walikuja na wafugaji, na kwa hesabu ya pango hili hiyo ni jana. Kuna mtu amelileta hapa."

Akamtazama mjomba.

"Mzee Fabiano. Mraba huu ni wako tangu mwanzo. Jino la Jumanne, ulilikuta au uliliweka?"

"Daktari," mjomba akasema, "mimi sina hata la kwangu."

Safari hii hakuna aliyecheka.

"Sikuulizi kwa kupenda," Daktari alisema. "Nikipeleka jino hili kwa wenzangu, swali la kwanza litakuwa hilo. Mahali panapotoka mbuzi wa uongo, nani ataamini mtoto wa kweli? Leo jioni naufunga mraba wa tatu. Nitaandika kwamba umevurugwa na jino halitegemewi. Nawe ukapumzike nyumbani kwanza, mzee wangu."

Mjomba hakubisha. Alifuta mwiko wake kwa shati, pande zote mbili, akauweka juu ya jiwe, akatoka nje akikwepa kamba kwa uangalifu ule ule wa kila siku.

Nilimfuata. Alikuwa amekaa juu ya mwamba, anatazama mashamba ya alizeti yaliyokwisha kuvunwa huko bondeni. Upepo ulimvimbisha shati.

"Watasema Fabiano alimdanganya mgeni," alisema, si kwangu hasa. "Mimi ndiye niliyemleta hapa. Nilimwambia pango hili lina watu wake. Nilikuwa nalihisi tangu nachunga."

Nilikumbuka waliochapwa kwa ajili ya chura, nikakumbuka walivyonyamaza. Sikuwahi kuwatazama usoni.

Mjomba akafunua bakuli nililomletea, akalisogeza upande wangu. "Kula wewe, mwanangu. Mimi leo sina njaa. Wewe bado unakua."

Hapo ndipo niliposhindwa. Laiti angenigombeza. Niliuacha ugali juu ya mwamba, nikarudi pangoni.

"Daktari," nikasema, "ni mimi niliyeweka mbuzi."

Godfrey alikuwa amesharudi, ameshika mifuko yake. Alitikisa kichwa. "Anamkinga mjomba wake, Daktari. Ni mpwa wake huyu."

Kumbe kuna jambo gumu kuliko kusema ukweli, nalo ni kuusema ukiwa na sifa kama zangu. Daktari alinitazama bila hasira, na bila kuniamini pia.

"Nieleze," akasema. "Ulichimba wapi, kwa nini, na mpaka wapi."

Nikaeleza. Kijiko, kiwiko, kona ya kulia. Nilieleza chai, nikaeleza na majigambo ya kaka Godfrey, ambaye alianza kuichunguza kofia yake. Halafu nikakumbuka.

"Taya mmelikuta juu, Daktari, lakini shimo langu linaendelea chini. Chini kabisa kuna maganda ya alizeti. Nilikuwa natafuna."

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna. Hamjafika huko bado."

Daktari alichukua mwiko mwenyewe. Pango zima lilikusanyika nyuma ya kamba, hata popo nadhani walisikiliza. Aliukata udongo wima kwenye kona, mkato mmoja safi, kama anayekata mkate kuona ndani. Na ndani kukaonekana.

Sijawahi kuona kitu cha namna ile. Udongo wa pango ulikuwa umepangwa kwa mistari, mwekundu, kahawia, mwekundu tena, na katikati yake ule mstari wa majivu meupe, mwembamba kama uzi. Ulitoka ukuta mmoja wa mraba ukaelekea mwingine bila kukatika. Moto wa watu waliokufa zamani, majivu yamelala pale pale walipoyaacha. Ila kwenye kona ya kulia uzi ulikatika ghafla. Hapo palikuwa na udongo mlegevu, wa rangi iliyochanganyika, umbo la mfuko. Shimo langu. Miaka yote ile hakuna aliyeugusa uzi ule, na mimi niliukata kwa kijiko cha uji wakati wa chakula cha mchana.

Chini ya mfuko ule, Daktari alipangusa kwa brashi. Likatokea ganda moja jeusi lenye mistari myeupe. La pili. Kisha rundo zima.

Alichukua moja kwa koleo, akaliinua kwenye mwanga. "Limepasuliwa kwa meno ya mbele," akasema. "Katikati kabisa, sawasawa." Akageuka kuelekea mlangoni, ambako mjomba alikuwa amesimama bila sisi kujua. "Mzee Fabiano, uliacha lini kutafuna alizeti?"

"Tangu yule fahali," mjomba akajibu.

Godfrey akapima kwa tepu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alifanya kazi bila kutoa hotuba. Kutoka ukingo wa shimo langu hadi mahali lilipotoka jino ilikuwa zaidi ya nusu mita, na sehemu hiyo yote uzi wa majivu ulikuwa mzima. Jino lililala chini yake. Mtu asingeweza kuliweka pale bila kuukata.

"Hapo juu hajapita mtu tangu majivu haya yamwagwe," Daktari alisema. "Mtoto wetu ni wa kweli."

Nilimtazama yule mtoto, yaani mahali alipokuwa. Alikuwa amengoja muda wote ule, na nusura nimfanye mwongo.

Daktari akafanya jambo ambalo sikulitegemea kwa mtu mwenye shahada nyingi. Alikwenda kwa mjomba mbele ya watu wote, akamshika mikono miwili, akainama kidogo. "Mzee wangu, nilikushuku kabla ya kuuchunguza udongo. Kazi yangu ni kuuchunguza kwanza. Nisamehe."

"Yameisha," mjomba akasema. "Ungeninyima mwiko siku mbili ningelia, lakini yameisha." Kisha akanigeukia. Nilijiandaa kwa kofi. Mjomba hapigi, lakini nilijiandaa.

"Emiliana," alisema, na huniita hivyo kanisani tu. "Mimi ningeweza kujitetea, nina mdomo, ingawa hauna meno. Yule mtoto hana. Aliyebaki kumsemea ni udongo, nawe umeingia katikati ya maneno yake. Utani unaomwangukia asiyeweza kujibu si utani, ni uonevu. Na ukweli unaosemwa leo mchana unaokoa, ule wa mwezi ujao unazika. Umechelewa nusu saa tu, kwa hiyo nakushukuru. Usichelewe tena."

"Sitachelewa, mjomba. Nisamehe. Nawe, kaka Godfrey."

"Nilitaka kujua," Godfrey akasema polepole, "kwa majani ya chai, ningedanganyika?"

"Sana," nikamjibu. Huo nao ulikuwa ukweli, na nilikuwa nimeanza kuuzoea.

Adhabu yangu ilikuwa kuchekecha udongo wote wa shimo langu, kiganja baada ya kiganja, mpaka likizo iishe. Bibi aliposikia habari aliongeza kusafisha banda la kuku kila siku, akasema kwamba hiyo nayo ni sayansi. Usiku huo niliandika barua mbili za kupeleka bwenini, za kuwaomba radhi wale walioadhibiwa kwa ajili ya sweta na chura. Ya tatu ilikuwa ya mwalimu wa zamu. Hiyo ndiyo iliyonitoa jasho.

Siku ya mwisho Daktari aliniita hemani. Mezani palikuwa na visanduku viwili vya kupelekwa makumbusho. Kimoja kilikuwa kidogo, kimewekwa pamba, na ndani yake limelala jino la rangi ya asali. Kwa mkono wake Daktari alikuwa ameandika: *Mraba wa tatu, chini ya majivu. Mtoto. Aliyemkuta: Fabiano.* Mjomba alikuwa amekaa pembeni, mkono mdomoni, macho yanameta.

Cha pili kilikuwa na mfuko wa maganda ya alizeti.

"Haya nayo yanahifadhiwa, Daktari?"

"Kila kilichotoka kwenye mraba kinahifadhiwa. Atakayekuja baada ya miaka mia moja lazima ajue uzi wa majivu ulikatwa na nini." Akanipa kalamu. "Andika mwenyewe. Uandike kilichotokea tu."

Siku zote nilitaka jina langu liingie kwenye vitabu. Nilishika kalamu vizuri, nikaandika kwa herufi zangu safi za bweni: *Mraba wa tatu, kona ya kulia. Shimo la Juni mwaka huu. Lilichimbwa na Emiliana, kwa kijiko, kwa utani. Alisema mwenyewe.*

Daktari alisoma. Kisha akaweka kisanduku changu kando ya kile cha mtoto.